Nguzo ya Umeme ya Mtaa Wetu

Mjomba aliongoza wawindaji wa kitalii kwenye vitalu vya Handeni, na msimu hufunguliwa 1 Julai. Juni 2011, kabla hajapotelea porini, alikuja kwetu Ngamiani na bunduki yake kaifunga blanketi, darubini mpya ya kulengea ndani ya boksi.

"Mjomba, mkono wako mwepesi. Nifungie hii."

Mimi ni fundi baiskeli, na Tanga fundi baiskeli halali njaa. Mtu aliyezoea kunyoosha ringi kwa kukaza spoku robo mzunguko, huku kidogo, kule kidogo, ataogopa skrubu chache? Ndivyo nilivyojidanganya.

Bunduki hii, ya risasi za .308, haikuwa ya kazini. Mnyama hapigwi mita 500, na kwa hilo mjomba alikuwa mkali kuliko askari wa wanyamapori. Ila kupiga bamba la chuma kwa mbali ilikuwa starehe yake, kama wenzake walivyo na bao.

Akachomoa bolti akaitia mfukoni, tukailaza bunduki juu ya mito sebuleni. Nikafuta skrubu kwa spiriti zisibaki na mafuta, nikaweka darubini kwenye pete zake na kuisogeza nyuma na mbele hadi mjomba, shavu juu ya kitako, akaona duara zima lisilo na kivuli. Jicho likabaki sentimita 9 hivi kutoka kwenye kioo. Hapo hakutaka mzaha: juu ya nyusi ana kovu lililopinda kama mwezi mwandamo, zawadi ya darubini iliyofungwa karibu mno.

Ikabaki kusimamisha msalaba, ile mistari ya kulengea inayoonekana ndani ya darubini. Bunduki yenyewe ilikuwa na pima maji ndogo kwenye reli, nikaichezea mito hadi kipovu kikatulia katikati. Sasa, msalaba niulinganishe na nini? Nikachungulia dirishani. Nguzo ya umeme hii hapa, ile ile tuliyokuwa tukijibanzia utotoni tukicheza kombolela. Nikauzungusha msalaba hadi mstari wake wa wima ukalala juu ya nguzo, nikakaza. Ukikaza upande mmoja kwanza darubini hujiviringisha kwa unywele, kwa hiyo nilikwenda kwa zamu, kulia, kushoto, hadi nafasi za pete zikalingana. Kazi safi. Nilijisifu hata kwa mke wangu.

Tulikwenda kujaribu upande wa Pongwe, kwenye machimbo ya chokaa yaliyoachwa, kibali kikiwa mfukoni. Mita 100, risasi tatu zikakaa pamoja kwenye alama. Mita 500 risasi hiyo huwa imeshuka karibu mita 2, kwa hiyo mjomba akazungusha kifundo cha juu cha darubini, kile cha kupandisha risasi, kikalia milio 40. Kila mlio ni sentimita 1 kwa mita 100, yaani 5 kule tulikolenga. Urefu ukawa sawa. Lakini zote zikaenda kulia, kama sentimita 12.

"Kusi," nikasema haraka. Tulikuwa tumeelekea magharibi, Usambara mbele yetu, na upepo ukitujia begani kushoto. Kwa umbali ule hata upepo mwanana unatosha kusukuma risasi kiasi hicho. Mjomba hakunijibu. Alirudi mita 100, akachora mstari wa wima kwenye ubao kwa pima maji, akapiga tatu chini. Akapandisha milio 50, akalenga alama ile ile ya chini, akapiga tatu tena. Zilipanda nusu mita kama ilivyotakiwa, na zilikuwa kulia kwa mstari, sentimita 3.

"Kusi imengoja nipandishe kifundo ndipo ivume?"

Njia nzima ya kurudi sikuwa na la kusema.

Nyumbani akauliza kama nina timazi, uzi wenye uzito wa kupimia wima. Sina. Jirani yetu, mvuvi wa Sahare, akatoa mshipi wenye chubwi. Tukauning'iniza kwenye tawi la mwembe ng'ambo ya njia, na kwa kuwa ulikuwa ukiyumba, tukaizamisha chubwi ndani ya ndoo ya maji. Ukatulia tuli. Nililegeza pete, nikarudisha kipovu katikati, nikaweka jicho.

Mshipi ulisimama kwenye kioo kama ufa mwembamba. Nyuma yake palikuwa na nguzo yangu, na baina yao nafasi iliyoanza na upana wa kidole chini ikazidi kufunguka kwenda juu. Nguzo ilikuwa imeegemea kulia, na msalaba wangu pamoja nayo. Miaka thelathini nimepita chini yake.

"Unaona nini?" mjomba akauliza.

Nikamwambia asogee aone mwenyewe. Alichungulia kwa muda mrefu, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, na kipovu kikatoka katikati, ikabidi tuanze upya. Mwenye mshipi alikuwa amekwisha simama mlangoni. Bahari ilikuwa inakupwa, naye alitaka chubwi yake.