Siku moja gereji Ngamiani, Tanga: diski mpya za breki, usukani bado unatetemeka

Saa 12 na nusu asubuhi. Nafungua gereji kabla jua halijaanza kuchoma bati. Kijana ninayemfundisha kazi ameshafagia na kumwagia vumbi maji. Tunakunywa chai kwa mbaazi za nazi na mandazi tukiwa tumesimama, maana mteja wa leo alisema atawahi.

Saa 1 na robo. Kawahi kweli.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba baba. Haya, niambie linavyokusumbua."

Noah yake inapeleka abiria Lushoto. Akikanyaga breki akiwa kwenye 80, usukani unamcheza mikononi. Kinachomuuma zaidi ni kwamba miezi mitatu iliyopita alibadilisha diski za mbele (sahani za chuma zinazozunguka na magurudumu) na pedi (zinazozibana diski ukikanyaga breki) kwenye gereji nyingine. Mwanzoni gari lilikuwa shwari, kisha mtetemo ukarudi kidogo kidogo. Sasa anaambiwa anunue diski nyingine tena. Nikamwomba asitoe hata shilingi mpaka nipime.

Saa 2. Tumetoka Kange kuelekea Pongwe, mimi nikiendesha. Mwendo ukiwa sawa bila breki, gari limetulia, kwa hiyo balansi ya matairi siishuku. Nikikanyaga breki, usukani unaanza. Hiyo ni dalili ya mbele. Mtetemo wa nyuma huusikia zaidi kwenye kiti na sakafuni. Kuhakikisha, kwenye kipande kisicho na gari nyuma yangu nikavuta handbreki taratibu, kidole kikibana kitufe chake ili isijifunge. Kimya. Nyuma ni nzima.

Saa 3. Gari liko juu ya stendi. Tumetikisa magurudumu juu na chini kusikiliza boljointi, viungo vinavyobeba gurudumu, kisha kulia na kushoto kusikiliza tairodi, vyuma vinavyolikatisha kona. Hakuna kinachocheza. Zingelegea, zingeukuza mtetemo, ila chanzo chake mara nyingi kiko kwenye diski.

Nikampa kijana maikromita, apime unene wa diski ya kushoto sehemu nane kuizunguka. Tofauti: milimita 0.04. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo, lakini kwa breki hiyo inatosha kabisa kutikisa usukani. Nikafunga saa ya kupimia, geji yenye mshale unaoonyesha kuyumba, diski ikazungushwa kwa mkono: inayumba milimita 0.13. Mimi huwa sikubali zaidi ya 0.05.

Tukaitoa diski, na jibu likawa wazi. Uso wa habu, kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake, umejaa magamba ya kutu, na diski mpya ilipachikwa juu yake hivyo hivyo. Upepo wetu wa bahari una chumvi, chuma hapa hakipumui. Gamba dogo tu likibaki nyuma ya diski, diski inakaa upande.

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nilimwita mwenye gari aje aone kwa macho. Diski iliyokaa upande haitetemeshi gari siku ileile. Kila inapozunguka, hata mguu ukiwa mbali na breki, inagusa pedi mahali palepale. Kilomita elfu kadhaa baadaye pale pamelika, pamekuwa pembamba. Sasa ukikanyaga breki, pedi zinapita mahali penye unene, zinapita pembamba, na mikono yako inausikia kila mzunguko. Ndiyo maana mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Akaishika ile habu, kidole kikatoka chekundu. "Kwa hiyo ningenunua nyingine, ningerudi palepale?" Ndiyo baba, palepale.

Saa 5. Brashi ya waya, msasa, subira. Kuizunguka kila stadi, yaani bolti za kufungia gurudumu, ndiko kazi iliko. Habu ikiwa safi nimeipima yenyewe: 0.02. Haijapinda. Ila pini ya chini ya kalipa, ile inayozibana pedi, ilikuwa imekauka na kushika, hivyo pedi hazikuwa zinaachia vizuri. Tumeisafisha na kuipaka grisi ya breki, ile inayostahimili moto. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake.

Saa 7. Wali na samaki. Diski zote mbili ziko kwa fundi wa leith, mashine ya kuchonga chuma. Bado ni nene kuliko kipimo cha mwisho kilichogongwa juu yake, hivyo kuchonga kidogo kunaruhusiwa. Zingekuwa chini ya hapo, ningemwambia anunue.

Saa 9. Tumefunga. Nati za magurudumu nakaza kwa spana ya kipimo, nyutoni mita 103, kwa mtindo wa nyota. Mashine ya upepo siitaki hapa. Nati moja ikikazwa kupita wenzake inaweza kuipindisha diski.

Saa 10. Barabara ileile. Breki kutoka 60 hadi 10 bila kusimama kabisa, mara kumi, tukiziacha zipoe katikati, ili pedi zikae kwenye diski. Kisha nikampa usukani mwenyewe. Alikanyaga, akalegeza mikono kidogo, akakanyaga tena. Hakusema kitu mpaka tulipofika Kange.

Nimemsihi akishuka Lushoto kuja Mombo atumie gia ndogo, na breki zikiwa za moto asisimame akizikandamiza, kwani pedi huacha alama kwenye diski. Vipimo vyote nimeviandika daftarini. Akimaliza kilomita 1,000 atarudi, nipime tena bure.