Santuri za redio ya jeshi: inchi 16, sindano pana

AFRS, redio ya jeshi la Marekani iliyoanzishwa 1942, haikutegemea masafa mafupi pekee kuwafikia askari ng'ambo. Vipindi vilirekodiwa Los Angeles, matangazo ya biashara yakaondolewa, kisha vikasafirishwa kwenye santuri za inchi 16: mizunguko 33⅓ kwa dakika, takribani dakika 15 kila upande. Zilichapwa kwa vinili, aina ya plastiki, kwani shelaki, utomvu mgumu wa santuri za zamani, huvunjika safarini.

Ukipata santuri kama hiyo leo, tafadhali itunze. Mashine ya kawaida ya kuchezea santuri haifai, mkono wake unaobeba sindano ni mfupi. Tumia sindano pana kuliko ya LP, santuri ya muziki yenye mifereji myembamba. Nyembamba hukwaruza sakafu ya mfereji na kuleta kelele tupu. Ikiwa sindano inateleza nje mara moja, jaribu kuanzia katikati: baadhi zilikatwa kutoka ndani kwenda nje.