Nyundo kwenye rambo

Mwaka 1997 nlikuwa darasa la sita, tunakaa Buigiri kule Dodoma, na likizo kazi yetu ilikuwa moja tu, kugonga kokoto. Jiwe unalizungushia kipande cha tairi ili vipande visiruke. Siku hiyo tairi alikuwa nalo dada, mi nikasema potelea mbali, nikagonga hivyo hivyo. Nikasikia tik, kama mtu kanigusa kope. Hata haikuuma sana, ndo maana nikataka kufikicha.

"Toa mkono!"

Baba mdogo huyo anakuja mbio, na kumuona baba mdogo anakimbia haikuwa kawaida. Alikuwa mjeda mstaafu, jicho la kushoto liliishia vita vya Kagera, 1979, karibu na Lukaya kule Uganda. Watu walidhani alipigwa risasi, mwenyewe anasema risasi wapi, bomu lilitua barabarani likarusha changarawe, afu mwenzake kwa huruma akamfuta uso na kitambaa huku anakandamiza.

Sasa nyumbani wakajaa. Mama kashika kopo la maji, jirani aliyekuwa ananyonyesha anataka kunikamulia maziwa jichoni, si unajua dawa zetu. Baba mdogo akagoma. "Shemeji, ingekuwa chokaa ningemwaga maji ndoo nzima. Hili limetobolewa, msiliguse." Akakata kitako cha kikombe cha plastiki, akakifunika juu bila kugusa jicho lenyewe, akafunga na leso. Akakataza nisile wala nisinywe, afu akaokota ile nyundo akaitia kwenye rambo. Nikajua leo nachapwa nayo.

Hospitali mjini walitaka kunipa dawa ya matone nirudi nyumbani, maana kwa nje lilikuwa jekundu tu na kidoa. Baba mdogo akaweka nyundo mezani. "Daktari, angalia hapa." Kwenye ukingo palikuwa pamemeguka, papya, panang'aa. Kumbe alipokuwa amelazwa jeshini kitanda cha jirani alikuwepo fundi wa magari, huyo mstari wa mbele hajawahi hata kuuona, alikuwa anagonga pini kambini, nyundo ikameguka, kipande kikamwingia jichoni.

Daktari akaigeuza ile nyundo weee, akaandika eksirei. Kwenye picha kikaonekana, cheupe, kidogo kuliko punje ya uwele. Chuma. Jiwe la watu halikuwa na kosa. Akatuambia kingebaki humo kingeshika kutu na jicho lingekufa taratibu huku mi najiona nimepona.

Wakakitoa kwa sumaku, wakashona. Usiku wodini nlikuwa nawaza watoto wa ile shule ya wasioona ya pale kwetu, wanavyopitisha vidole kwenye karatasi, nami nikawa napapasa mishono ya shuka nione kama ntaweza. Sikuambulia kitu.

Linaona mpaka leo, ila usiku taa za magari zinatawanyika kama nyota.

Siku ya kurudi tulikaa siti moja kwenye basi, baba mdogo hana la kushoto, mi la kulia limefungwa bandeji, nyundo katikati yetu kwenye rambo. Konda akaja, akatuangalia, akatuangalia tena.

"Wazee, nyie macho mawili tu hapo. Lipeni nauli ya mtu mmoja."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Na kweli alilipa ya mmoja.