Kichwa cha joka litemalo moto, kwa baridi ya Iringa

Kwa wanaounda joka la jukwaani Juni hii, adui mkubwa ni baridi. Tumieni mianzi iliyokauka. Ile mibichi (na msiguse ya mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, atawafukuza) husinyaa baadaye, kamba zinalegea na taya linaning'inia. Pasueni fito za upana wa kidole, zipindeni taratibu kwa mvuke, fungeni kwa waya.

Gundi ni unga wa ngano kikombe 1, maji vikombe 4, chumvi kijiko 1. Pikeni hadi iwe uji mzito. Magazeti tabaka 4, lakini kila moja likauke kwanza, na kwa baridi hii hukawia. Mkiharakisha, ndani kunaota ukungu na pua inabonyea.

Moto wenyewe: feni ndogo ya volti 12 kooni, taa nyekundu chini yake, vipande vya shifoni (kitambaa chepesi) ya njano na nyekundu vya sentimita 30. Pamba ni nzito, mwali unalala. Betri ya pikipiki ikae tumboni, kichwani inamuumiza mbebaji shingo. Mafuta ya taa mdomoni hapana kabisa, yakipenya mapafuni ni hospitali.