Tupa kopo, piga kura: Bagika au Bagalu?

Kila mtu wa Mwanza anajua, tamasha likiisha pale Furahisha uwanja unabaki na makopo ya maji, foili za chipsi na vijiti vya mishkaki, afu pembeni kuna mapipa mawili yameandikwa vizuri kabisa, hili plastiki, hili taka zinazooza, ukichungulia ndani yote yamebeba mchanganyiko uleule. Na siwalaumu watu sana. Mtu kashika sahani mkono huu, mtoto mkono ule, mziki umekolea, kagiza kameshaingia, nani asimame asome bango la pipa jamani.

Ndo maana nayapenda yale mapipa yanayocheza na wewe. Mwaka 2009 kule Stockholm, Volkswagen walifunga sensa na spika kwenye pipa la bustanini, ukitupa kitu unasikia fiiiuuuu kinashuka shimoni, kinashuka, afu puu! Watu wakawa wanaokota hata taka za wenzao ili walisikie tena, siku moja tu kilo 72, yaani 41 zaidi ya pipa la jirani. 2015 London, Hubbub, shirika la mazingira la huko, nao wakaleta la vipisi vya sigara, matundu mawili na swali juu yake, nani mkali, Ronaldo au Messi? Kipisi chako ndo kura yako.

Ila angalia vizuri, hayo yanakufanya utupe, hayakufanyi utenganishe. Lile la Stockholm hata ukiweka ugali lingelia tu. Sisi inabidi kura iwe ya kopo tupu peke yake, na hiyo wala sio kazi ngumu, tundu liwe duara la upana wa chupa ili sahani isipite, ndani ufunge sensa ya mwanga, kopo likiukata mwanga namba inapanda kwenye ubao na spika inapiga ngoma. Bodi ndogo ya Arduino, yaani kakompyuta ka kuendesha sensa na spika, betri ya bodaboda, fundi simu yeyote mchangamfu anaunga. Mambo ya kupakua programu mtu asiniletee, vidole vina mafuta ya nyama choma na bando limekata.

Swali lenyewe tunalo tayari. Bujora pale Kisesa, kwenye sherehe za ngoma za Bulabo mwezi wa 6, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanacheza wakishindana na anayevuta watu wengi upande wake ndo mshindi, kwa hiyo kura za miguu watu washazizoea, tuongeze za makopo.

Kitu ambacho wanaoleta mawazo haya huwa wanakiruka ni waokota makopo. Mtazame mmoja akiwa kazini: anafungua, anamwaga maji yaliyobaki, kifuniko anakitenga maana ni plastiki ya aina nyingine, anakanyaga kopo linalala chapati, linaingia kwenye kiroba, na macho yake yashahamia meza nyingine. Huyo ndo mtaalamu wa kuchambua taka tuliye naye. Sasa ukifunga mapipa yako kufuli afu usiku gari la taka likaja likamimina yote pamoja na maganda ya ndizi, safari moja mpaka dampo la Buhongwa, hiyo sensa ilikuwa ya nini? Mfuko wa ndani ya pipa uwe kiroba chake, na alipwe pia kwa kusimama hapo kuelekeza watu.

Na kama kuna hela kidogo zaidi basi tuweke amana. Ujerumani tangu 2003 unaacha senti 25 kwenye chupa ya plastiki, ukiirudisha kwenye mashine dukani unapewa chako. Sisi soda za chupa ya kioo si ndo hivohivo miaka yote, acha hela ya chupa au nywea hapahapa? Huoni chupa ya kioo ya soda ikielea mto Mirongo mvua ikinyesha, unaona makopo tu yanaelekea ziwani.

Kwa matamasha ya mjini swali litakuwa Simba au Yanga, hilo halina mjadala. Watu wa Pamba Jiji najua mnakuja kudai tundu la tatu, haya, litatobolewa.