Jicho la marehemu bado linaongea

Mi nilikuwa naamini mtu akishafariki jicho lake halina kazi tena kwa mashine zinazomtambua mtu kwa jicho, kumbe sivyo aisee. Ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, wataalamu wanaiita airisi, ina michoro ambayo hata mapacha wa kufanana hawafanani. Mwaka 2016 watafiti wa Warsaw, Poland, akina Mateusz Trokielewicz na Adam Czajka, walipiga picha macho ya marehemu kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, wakakuta saa kadhaa baada ya kifo mashine bado inamtambua mtu, na kwenye baridi ya mochwari baadhi wanatambulika hata baada ya wiki mbili na kitu!

Shida ni konea, ile ngozi angavu ya mbele, inapata ukungu halafu jicho linalegea maana presha ya ndani inashuka, na kama mwili umekaa nje juani basi mambo yanaharibika chapchap. Halafu lazima awe alishaskaniwa akiwa hai, la sivyo unalinganisha na nini sasa? Ndo maana alama za vidole, meno na DNA bado ndo zinategemewa zaidi.