Picha za Faras na Watu wa Nubia

Kila ninaposoma habari za watafiti wanaoshirikiana katika bonde la Nile, mawazo yangu hurudi Faras, mahali pa Nubia ya Sudan (Nubia ni eneo la kando ya Nile, kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan) palipozamishwa na maji ya Bwawa Kuu la Aswan, lililojengwa Misri. Mwaka 1960 UNESCO iliyaomba mataifa yasaidie kuokoa mabaki ya kale ya Nubia, na miongoni mwa waliofika walikuwa Wapoland wakiongozwa na mwanaakiolojia Kazimierz Michałowski, ambao kati ya 1961 na 1964 walifukua mchangani kanisa kuu la Kikristo lenye picha zaidi ya 120 ukutani. Mafundi walizibandua moja moja kwa karatasi nyembamba na nta, kazi ya subira kubwa huku wakijua kwamba maji yanakuja. Hatimaye ziligawanywa baina ya Khartoum na Warszawa, mgao ambao hadi leo sijaamua kama niuite haki au malipo.

Abu Simbel, mahekalu ya Misri yaliyohamishwa ili yasizame, imekwisha kusimuliwa vya kutosha.

Kinachonigusa zaidi ni wanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo, wakiongozwa na Robert Fernea, waliorekodi maisha ya Wanubi wa Misri kabla hawajahamishiwa Kom Ombo, kaskazini mwa Aswan, kwa sababu ya bwawa hilo. Upande wa Sudan, watu wa Wadi Halfa walipelekwa Khashm el-Girba, mbali mashariki, ingawa wengi wao walikuwa wamepinga waziwazi, ilhali mahekalu ya Buhen na Semna yalibomolewa kwa uangalifu na kujengwa upya katika bustani ya makumbusho ya Khartoum, karibu na Nile.